Dada Indumati, Aliyejua Nani Amechora Kibao Kipi

Leo Ijumaa, tarehe 31 Mei 2019, saa kumi na moja jioni, Dada Indumati Waghchaure wa Idara ya Picha anastaafu baada ya kuitumikia Maktaba ya Bhagirathi, hapa Solapur, kwa miaka thelathini na mitano na miezi saba. Kamati iliniagiza niandike wasifu wake usiozidi ukurasa mmoja, uchapwe kwenye ratiba ya sherehe. Nimejaribu, nimeshindwa. Miaka thelathini na mitano haiingii kwenye ukurasa mmoja, labda iwe ya mtu aliyekuwa akisinzia kazini, na Dada Indu hajawahi kusinzia kazini hata katika joto la Mei, umeme umekatika na feni zimenyamaza. Kwa hiyo Mwenyekiti anisamehe, na wenye njaa wavumilie kidogo. Chakula kipo, nimekiona kwa macho yangu.

Aliajiriwa tarehe 1 Novemba 1983, akiwa na umri wa miaka ishirini na minne, kupiga chapa kadi za vitabu. Habari za kamera hazikuwamo katika barua yake ya ajira. Kamera ya maktaba ilikuwa moja tu, imefungiwa kabatini. Ilinunuliwa kwa ajili ya hati za kale za mwanzilishi wetu, na hati hizo ziliisha kupigwa picha ndani ya wiki mbili. Tangu hapo ilitolewa siku ya kupandisha bendera, ikapiga watu waliojipanga mstari kama wanangoja sindano, ikarudishwa mahali pake.

Asubuhi moja ya mwaka 1985, Dada Indu akija kazini, aliwakuta vibarua wanapaka chokaa ukuta wa kiwanda cha nguo karibu na stendi. Ukuta ule ulikuwa na chui mkubwa aliyefunga mkanda kiunoni, anatangaza dawa ya tumbo. Hakuna mtoto wa mtaa ule ambaye hakuwahi kutishiwa chui yule ili amalize chakula chake. Alipopita asubuhi miguu ilikuwa imekwisha kufutwa. Alipopita jioni, ukuta mweupe pe. Anasema alisimama pale akaona haya, kama mtu aliyepitwa na maziko ya jirani yake.

Kesho yake alimwomba kamera aliyekuwa Katibu wetu, marehemu Bwana Limaye, akapige picha vibao vya maduka na kuta za mtaani. Bwana Limaye alikuwa mtu wa Kisanskriti na kofia iliyopigwa pasi. Akamwambia, "Binti, hapa tunahifadhi maneno ya wahenga, wewe unataka kutuletea vinyozi?" Akamtaka alete ombi kwa maandishi, akidhani yamekwisha. Dada Indu akaleta ombi Jumatatu. Likakataliwa. Jumatatu iliyofuata akaleta jingine lenye sababu nyingine. Faili la maombi hayo bado lipo, nami nimelisoma lote: ni maombi ishirini na saba. La kumi na nne lina mistari miwili tu, "Kibao cha muuza miwani wa Barabara ya Reli kimeng'olewa jana. Naomba kamera kabla hakijang'olewa cha jirani yake." Jumatatu ya ishirini na nane Bwana Limaye alimtupia ufunguo wa kabati mezani akasema, "Chukua, mama, na Jumatatu zangu unirudishie."

Ndivyo ulivyoanza mkusanyo ambao leo una picha elfu kumi na moja na ushei. Humo mna vibao vya vinyozi vyenye vichwa vya nywele zilizolala kama majani ya mgomba baada ya mvua, na meno ya madaktari wa meno, mengine makubwa kuliko mlango wa daktari mwenyewe. Mna migongo ya malori yenye ng'ombe, mayungiyungi na maneno ya kuwaasa madereva wa nyuma. Mna tembo waliochorwa kwenye kuta za nyumba za harusi, majina ya bwana na bibi harusi yakiwa chini ya mkonga, na mna viberiti, makopo ya mafuta, mikokoteni ya barafu, mpaka sanduku la fundi saa lililochorwa macho mawili. Hakuna aliyemwambia kwamba vitu hivyo ni urithi. Watu walikuja kusema hivyo baadaye sana, wakiwa na miwani mizuri na mifuko ya kitambaa.

Alikuwa na msimu wake. Wiki mbili kabla ya Diwali hakuna aliyempata ofisini, hata angeitwa na gavana. Kila mwenye duka hupaka rangi upya kabla ya sikukuu, na kilicho kikuukuu leo, kesho hakipo. Basi yeye alitembea mbele ya brashi, mtaa kwa mtaa, kamera imefichwa ndani ya mfuko wa mboga. Tatizo lilikuwa wenye maduka. Wakimwona mwanamke aliyevaa sari ya ofisini anatazama kibao na kuandika kitu, walijua ni ofisa wa ushuru wa mabango. Mzee mmoja wa kichochoro cha wauza kufuli alipanda ngazi akafunika kibao chake kwa sari ya mkewe, akaapa kwamba duka lake halina jina na halijawahi kuwa nalo. Kuanzia siku hiyo Dada Indu akawa hapigi picha duka lolote kabla hajanunua kitu. Mume wake, Bwana Dinkar, yuko hapa leo na atathibitisha kuwa nyumbani kwao kuna mlango mmoja na kufuli kumi na tisa.

Lakini sifa yake kubwa haikuwa kupiga picha. Ilikuwa kujua nani kachora.

Wakati ule nusu ya vibao vya mji huu vilitoka kwenye Karakana ya Mhetre, nyuma ya soko la mahindi. Kila kibao kilichotoka pale kilikuwa na jina moja kwenye pembe, kwa rangi nyekundu: Mhetre. Bwana Mhetre mwenyewe hakuwa ameshika brashi tangu mkono wake uanze kutetemeka. Waliochora walikuwa wanaume tisa waliokaa chini uani, nao hawakuruhusiwa kuandika majina yao popote. Mwaka 1991 Dada Indu alikuwa amekaa pale anangoja chai, anamtazama Hanif Bagwan akimalizia kibao cha muuza peremende. Kilipokwisha, Hanif alichovya brashi ndogo kuliko zote kwenye rangi nyeusi, akaweka nukta moja, kubwa kama punje ya dengu, chini ya mkia wa herufi ya mwisho.

"Kaka Hanif, rangi imekudondoka," akasema Dada Indu.

"Haijanidondoka. Kitu kizuri hivi kikitoka bila doa, jicho la mtu litakipasua kabla ya wiki kwisha."

Hilo sote tunalijua. Hakuna hapa ambaye mama yake hakumpaka nukta ya wanja shavuni ili kijicho kimpishe. Dada Indu, hata hivyo, aliuliza swali ambalo hakuna mwingine aliyekuwa ameuliza: kwa nini iwe pale chini ya mkia, isiwe kwingine? Hanif akacheka. "Kwa sababu pale ni pangu. Kwingine kuna wenyewe."

Na kweli kulikuwa na wenyewe. Siddhappa Kore aliweka nukta yake pembe ya juu kushoto, karibu kabisa na ukingo. Maruti Lokhande aliificha ndani ya tumbo la herufi ya kwanza. Kila mmoja wa wale tisa alikuwa na pake, na hakuna aliyemwingilia mwenziwe. Mwenye karakana angemfukuza mtu kwa kuandika jina lake, lakini nani atamfukuza mtu kwa kukinga kijicho? Miaka nenda miaka rudi walisaini kazi zao mbele ya macho yake. Dada Indu akashika nukta zote tisa kichwani. Ungemwonyesha picha yoyote, angeitupia jicho mara moja akakuambia, "Hanif," au "Siddhappa, lakini siku hiyo alikuwa na haraka." Hakuandika popote. Niliwahi kumuuliza kwa nini, akanijibu, "Niandike cha nini? Picha yenyewe inasema."

Hapo ndipo anapoingia mwandishi wa wasifu huu, yaani mimi, na ningependa wasomaji wasinihurumie haraka.

Niliajiriwa Juni 2017 kuwa karani wa kompyuta, kwa kipindi cha majaribio. Paa la ghala lilikuwa limevuja masika mawili mfululizo, filamu zote za negativu zilikuwa zimeganda zikawa tofali, na picha kubwa zilikuwa zimeota ukungu. Kazi yangu ilikuwa kuziskani zote, kisha zichomwe, maana ukungu ule ulikuwa umeanza kupanda kwenye vitabu. Nilifanya kazi ile kwa miezi saba na niliifanya kwa moyo wote. Mimi ni mtu msafi. Kompyuta yetu ina kifaa cha kufutia uchafu: unaelekeza mshale kwenye doa, unabofya, doa limekwenda. Nilifuta vumbi, nilifuta nywele, nilifuta alama za ukungu, na nilifuta kila nukta nyeusi niliyoiona, picha baada ya picha, nikahifadhi juu ya ileile ya kwanza, isibaki nakala nyingine. Kamati ikanipa cheti. Wakati huohuo nyumbani nilikuwa na binti wa miezi mitano. Kila asubuhi mke wangu alimpaka nukta ya wanja shavuni, nami nilimbusu kwenye nukta ile, nikapanda baiskeli nikaja hapa kufuta nyingine mia.

Maonyesho yalipangwa Aprili 2018, katika ukumbi wa mji. Ndiyo kitu pekee ambacho Dada Indu aliwahi kukiombea nafsi yake katika miaka yote hii: vibao vya Solapur ukutani, na chini ya kila kimoja jina la aliyekichora. Yeye angetazama picha, angetaja jina, nami ningelichapa. Mwezi Machi tulitundika picha chache za majaribio, na chini yake nikaweka kwa muda maneno niliyoyaona kwenye pembe, Karakana ya Mhetre. Dada Indu, ambaye bado hakuwa amezitazama kwa karibu, akamwalika Mzee Siddhappa Kore aje azione kabla ya wengine. Kati ya wale tisa alikuwa amebaki yeye tu. Alikuwa na miaka sabini na tisa, jicho moja limefunikwa na mtoto wa jicho, na la pili linaona akisogeza pua mpaka iguse karatasi.

Aliigusa karatasi kwa pua. Akatazama pembe ya juu kushoto, akaenda kwenye ya pili, akaenda kwenye ya tatu. Kisha akageuka.

"Nani amemwosha mtoto wangu uso?"

Mimi, mwenye cheti, nilisogea mbele. "Ni mimi, mzee. Zilikuwa na madoa."

Hakunigombeza. Alimwomba mkwewe aliyekuja naye, Bi Renuka, amsomee maandishi ya chini. Renuka akasoma, "Karakana ya Mhetre." Na ya pili? "Karakana ya Mhetre." Na hii? Renuka akasita, akasoma kwa sauti ndogo maneno yaleyale. Mzee akatikisa kichwa taratibu. "Basi kijicho tulikikinga vizuri," akasema. "Hakikutuona kabisa." Akaomba aonyeshwe viatu vyake.

Walipoondoka, Dada Indu aliketi. Akaniuliza, "Zote?" Nikasema zote. "Na za karatasi?" Nikasema zimechomwa, na risiti ya kibarua aliyezichoma ipo. Nilikuwa nangoja matusi, na ningeyapokea. Mwisho akasema, "Na mimi sikuandika." Kisha akaniambia niende nikanywe chai, halafu nirudi na lenzi.

Kumbe kulikuwa na makopo ya biskuti. Zamani, kila filamu ilipooshwa, alichapa picha zake zote kwenye karatasi moja, kila picha kubwa kama stempu, ili achague zipi zikuzwe. Karatasi hizo hakuna aliyezihesabu kuwa mali ya maktaba, kwa hiyo hakuna aliyekumbuka kuamuru zichomwe. Zilikuwa chini ya meza yake, makopo thelathini na mawili. Kwenye picha ya ukubwa wa stempu, nukta ya dengu inakuwa ndogo kuliko chembe ya vumbi, na kazi ilikuwa kutambua ipi ni nukta na ipi ni vumbi kweli. Vibao vya Mhetre vilikuwa elfu nne mia mbili na kumi na sita. Tulikuwa na miezi kumi na minne kabla hajastaafu, na watu wenye kujua nukta zile duniani walikuwa wawili, mmoja wao karibu haoni.

Maonyesho yakaahirishwa. Kamati ilikasirika, na ilikuwa na haki, maana wageni walikwisha kualikwa. Ikataka maelezo kwa maandishi. Mwezi huohuo ndipo ilipokuwa iamuliwe kama mimi nabaki kazini au nafungasha virago. Nikaandika barua nikaungama kila kitu, nikampa Dada Indu aiwasilishe. Aliisoma, akanisahihishia sentensi mbili, akaikunja akaitia kwenye mkoba wake. Kilichofika mezani kwa Kamati kilikuwa barua nyingine yenye saini yake yeye: kwamba kumbukumbu za wachoraji hazijakamilika kwa uzembe wa msimamizi wa Idara ya Picha. Tarehe 9 Aprili 2018 akapewa barua ya onyo, ya kwanza na ya pekee katika utumishi wake wote. Mimi nikathibitishwa kazini wiki iliyofuata.

Nilipokwenda kumlilia aniache niseme, alikuwa ameinamia lenzi na hakuinua kichwa. "Faili la miaka thelathini na minne bila doa hata moja? Si lingepatwa na kijicho," akasema. "Acha likae na nukta yake. Haya, niambie, hii hapa ni vumbi au ni Maruti?" Alicheka. Mimi sikucheka, na sijacheka mpaka leo.

Alinifundisha kwamba vumbi lina kingo za ovyo, na nukta ya brashi ni duara yenye kitako kidogo upande ambao mkono uliinuka. Tulikaa dirishani kila siku kuanzia saa mbili mpaka mwanga ulipokataa. Macho yake yalivimba, akayawekea vitambaa vya maji ya waridi, akarudi. Yeye alitaja, mimi niliandika, safari hii kwa wino, na nikachapa, na nikatoa nakala tatu. Mwezi uliopita tulifika mwisho tukiwa na vibao arobaini na kimoja ambavyo karatasi zake ziliwahiwa na ukungu. Nikashauri tuviandike kuwa vya Hanif, maana ndiye aliyechora vingi, na ni marehemu, na hatagombana na mtu. Dada Indu alifunga kopo la biskuti akaenda kula chakula cha mchana peke yake. Aliporudi akasema, "Usimsingizie maiti, hata kwa wema." Arobaini na kimoja hivyo vimeandikwa kwamba mchoraji wake hajulikani. Majina yake yote yamefutwa na mkono wangu.

Tarehe 22 mwezi huu tulimwita Mzee Siddhappa. Alikuja kwa kusitasita, akakaa, na Renuka akamsomea orodha ya vibao vyake kimoja kimoja: duka la baiskeli la mtaa wa wafumaji, kinyozi wa mbele ya hospitali, muuza mablanketi, lori la ndugu wawili wa Barshi. Ilichukua saa nne, pamoja na mapumziko ya mkate wa mtama na chatini ya karanga. Katikati akainua mkono. "Hicho cha daktari wa meno si changu. Meno mimi sijawahi kuyaweza. Ni cha Maruti." Dada Indu akachukua lenzi akatazama upya, akakiri kuwa alichokiona pembeni kilikuwa vumbi, na kibao kikarudi kwa Maruti. Orodha ilipokwisha mzee aliomba asomewe tena ule mstari wa kwanza kabisa. Renuka akasoma, "Mchoraji, Siddhappa Kore." Akasema, "Tena." Akasomewa. Akasema, "Tena." Nilitoka nje kwa kisingizio cha maji ya kunywa.

Maonyesho yatafunguliwa wiki mbili kabla ya Diwali, na Dada Indu atakuja kama mgeni. Chini ya kila picha patakuwa na jina la mchoraji, isipokuwa arobaini na moja.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote namshukuru kwa maombi yake ishirini na saba, kwa subira yake, na kwa macho yake aliyoyatumia mpaka yakachoka. Familia yake tunaishukuru kwa kutuazima. Dada Indu, pumzika. Lala mchana bila kuamshwa na mtu, tembea mtaani mikono mitupu, na Mungu akujalie afya na siku nyingi zenye furaha.

Ila bado jambo moja, na naliandika hapa kwa sababu likishachapwa huwezi kulikunja ukalitia mkobani. Ulinifundisha wewe mwenyewe kwamba nukta haiwekwi ovyo, na kila moja ina mwenyewe. Iliyo kwenye faili lako si yako. Leo asubuhi saa nne nimempelekea Katibu ile barua yangu ya mwaka jana, niliyoiandika upya, pamoja na zile sentensi mbili ulizonisahihishia. Naiomba Kamati, mbele ya wote waliokaa hapa, kwamba kabla faili la Dada Indumati Waghchaure halijafungwa jioni hii, onyo la tarehe 9 Aprili 2018 litolewe humo liwekwe kwenye faili langu, na chini yake paandikwe jina la aliyefanya kazi ile.

Nagnath Gajul,
Karani wa Kompyuta